Namba za Ijumaa

Kibaha
10 Februari 1976

Mke wangu mpendwa Laurentia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu sana, na baada ya salamu nataka kujua hali yako, hasa lile jino lililokuwa likikusumbua Ijumaa. Limetulia? Mimi mzima kabisa, nakula na kulala, shida yangu ni upweke tu.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Landrova letu la kliniki limevaa viatu vipya! Mradi mmoja ulifunga kazi ukaacha matairi matano ya saizi ya saba na nusu, karibu mapya. Yetu yalikuwa ya sita, madogo, na unakumbuka nilivyolala Ruvu siku mbili Desemba nikisubiri trekta lije kunivuta. Basi nikaomba, nikaomba tena, bwana mkubwa akachoka na mimi, akatia sahihi.

Jumamosi nilishinda karakana na fundi Melkiori. Rimu ni zile zile, kwa hiyo yanaingia, ila yanaingia kwa ugomvi. Tuliyapaka sabuni ya kipande ukingo mzima, Melkiori akapanda juu ya tairi akawa anarukaruka nami nasukuma kwa mtaimbo. Tulipoliteremsha kwenye jeki nikakata usukani mpaka mwisho, tairi likasaga springi mpaka meno yakaniuma. Ikabidi tuzirekebishe bolti zinazozuia usukani usikate sana. Sasa halisagi, lakini kugeuza nahitaji uwanja wa mpira. Tairi la akiba nalo halikai tena juu ya boneti, tumelifunga nyuma kwa mnyororo. Lakini Laurentia, lingekuwa mtu ungesema limepandishwa cheo! Jana nimepita lile tope la Ruvu wanakijiji wakapiga makofi.

Kasoro ni moja, limekuwa refu. Nesi Bertha ni mfupi, kila kituo inabidi nishuke nimshike mkono apande. Wazee wanacheka.

Ijumaa nikija kuchukua dawa bohari ya wilaya utaliona mwenyewe.

Mumeo,
Ponsiano


Kisarawe
17 Februari 1976

Mume wangu Ponsiano,

Milele amina. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Jino limetulia, sasa kinachouma ni kitu kingine.

Gari nimeliona. Ni zuri, hongera, uliliomba kwa muda mrefu. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za bohari wakati nesi wako anashuka. Hukumshika mkono, Ponsiano. Ulimshika kiuno. Na usiniambie ni matairi. Ulipoingia ndani kusaini nilipima kwa rula ya darasani, gari limepanda inchi mbili hazijatimia. Kutoka mkononi mpaka kiunoni ni zaidi ya inchi mbili.

Nina wivu, ndiyo. Sikufichi, na hunioi leo. Mimi nalala Kisarawe, wewe unalala Kibaha, na kuna mwanamke anayekaa kiti cha mbele siku sita za juma, anajua ulikula nini mchana, anajua ulicheka nini njiani. Mimi nakupata Ijumaa kwa saa tatu, na moja kati ya hizo unapakia makatoni. Tuna miaka sita ya ndoa. Wanawake wenzangu wanaitwa Mama fulani, mimi naitwa Mwalimu, hata jirani anayekuja kuomba chumvi ananiita Mwalimu. Mtu wa namna yangu ana kitu kimoja tu cha kushika, naye ni mume.

Kuna jambo. Mwalimu mkuu amenipa fomu ya uhamisho. Walimu wa kike wanaruhusiwa kuwafuata waume zao, mwisho ni tarehe thelathini Juni, na baada ya hapo ni mpaka miaka mitatu. Kuna mstari wa kuandika shule ninayoiomba. Nimeuacha mtupu. Nikiandika Kibaha naacha nyumba niliyopewa, naacha mikorosho yangu iliyoanza kuzaa, naacha darasa nililolilea tangu la tatu. Sitaki kuacha vyote hivyo nikafika huko nikakuta kiti kina mwenyewe. Nijue kwanza.

Mtengenezee nesi kigoda.

Mkeo,
Laurentia


Kibaha
1 Machi 1976

Laurentia wangu,

Salamu nyingi kama kawaida. Sisi huku wazima, mvua bado, joto ndilo linatutesa.

Kigoda kimetengenezwa, cha mninga, kina miguu minne na kamba ya kukivutia ndani. Nesi Bertha anapanda na kushuka peke yake na amekushukuru, nami sikumwambia kigoda kimetoka wapi. Siku ile kiunoni aliteleza, kama hutaki kuamini basi. Ana mume, mume mwenyewe ni askari magereza, mimi nitatafuta nini huko?

Jaza ile fomu. Nimepata vyumba viwili hapa Kibaha, mtaa wa Sofu, bati jipya, kisima kipo karibu, mwenye nyumba ni bibi mpole. Nimekwisha kununua kitanda cha futi tano. Kila nikirudi kazini nakitazama kilivyo kikubwa kwa mtu mmoja. Mikorosho mwachie dada yako Petronila aiangalie. Wewe njoo.

Gari linakwenda vizuri mno. Nina furaha siku hizi, sijui hata nikuelezeje.

Mumeo,
Ponsiano


Kisarawe
17 Mei 1976

Ponsiano,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi si mgonjwa wala si mzima.

Nakuambia jambo usilolijua. Kila Ijumaa unapopakia dawa, mimi napanda kukusubiri garini. Hujawahi kujiuliza kwa nini mtu akae kwenye gari la bati juani wakati kibaraza kipo? Ninasoma namba za maili. Nina daftari, na namba zako zote zimo tangu mwaka juzi.

Ratiba yako naijua kama jedwali la saba. Mlandizi, Ruvu, Kwala, vituo vyote, na kuja huku Kisarawe na kurudi, jumla maili mia na themanini kwa juma. Ikizidi ni moja au mbili, na hizo nakusamehe. Ijumaa mpaka Ijumaa, mia na themanini, nakuwekea alama ya vema. Na ulipoyafunga hayo matairi nilisema sasa mwanaume ataanza kuzurura, kwa kuwa hakuna tope la kumzuia, nikasoma kwa macho manne. Februari vema. Machi yote vema. Aprili mpaka Pasaka vema. Nikaona haya nafsini mwangu. Nikaichukua fomu, kalamu ikagusa karatasi.

Halafu zimekuja Ijumaa tatu mfululizo. Mia na sitini na mbili. Mia na sitini na mbili. Mia na sitini na mbili. Kila juma maili kumi na nane hazipo! Uliniambia ulikwenda Kwala, ukanisimulia mpaka mbuzi aliyeingia kliniki. Gari linasema hukufika. Sasa saa hizo ulikuwa wapi, umepumzika kwa nani? Na kile kigoda nilichowaazima akili ya kukitengeneza, mnakipandia au mnakikalia?

Na kifungo. Tangu Machi shati lako la kaki lina kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Nililifua nikanyamaza. Mimi sina uzi wa kijani. Manesi wanajua kushona, wameshafundishwa kwenye ngozi za watu.

Fomu nimeirudisha kabatini, mstari bado mtupu.

Laurentia


Kibaha
20 Mei 1976

Laurentia,

Salamu. Kesho siji. Namtuma Melkiori achukue dawa na akupe barua hii mkononi, kwa sababu nikija mimi tutasikika mpaka Pugu.

Daftari! Mwanamke, miaka miwili unanipakulia wali huku umeniandika kwenye daftari! Nilidhani unakaa garini kwa kunipenda, nikawa nakufungulia dirisha upate hewa.

Sasa nisikilize, wewe mwalimu wa hesabu. Geji haioni barabara. Geji inahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Pale gurudumu dogo lilipozunguka mara kumi, hili kubwa linazunguka mara tisa na gari limefika pale pale. Hakuna aliyekwenda kuiambia geji kwamba tumebadili matairi. Kwa hiyo kila nikienda maili kumi, yenyewe inaandika tisa. Melkiori alinionyesha siku ile ile tuliyoyafunga, muulize, amesimama mbele yako.

Chukua mia na themanini zako, punguza moja ya kumi. Unapata ngapi? Mia na sitini na mbili! Ndizo hizo. Majuma yote matatu nimefika kila kituo, Kwala nimefika, mbuzi nimemwona, kwenye mvua ambayo ninyi wa mlimani mnaisikia kwenye redio. Naapa kwa Msalaba, majuma hayo matatu sikukanyaga mahali ambapo hapamo kwenye ratiba, na nesi Bertha wa watu hana hatia yoyote. Kifungo kimeshonwa na fundi cherehani hapa Sofu.

Nimeumia, Laurentia. Sijawahi kusingiziwa hivi.

Ponsiano


Kisarawe
21 Mei 1976

Mume wangu mpenzi, Ponsiano wangu,

Nakuandikia haraka, Melkiori anafunga mizigo. Nimemuuliza, naye amenichorea magurudumu mawili mchangani, dogo na kubwa, akayazungusha kwa kidole. Kisha nikaingia darasa la saba nikaliandika swali ubaoni kama fumbo la mtu asiye na jina. Wote wamepata mia na sitini na mbili, hata wale wanaokaa nyuma kabisa. Watoto wamelipata, mwalimu wao alikuwa amelikosa. Ningekuwa mwanafunzi ningejipa fimbo.

Nisamehe. Nina kichwa kibaya, kikikaa peke yake kinatengeneza wanawake. Mwambie nesi Bertha namsalimu, na korosho hizi kilo mbili ni zake, usimwambie za nini.

Ijumaa ijayo njoo. Nitakupikia kisamvu cha nazi kama unavyopenda. Nitalipitia daftari, kila penye kosa niandike namba ya kweli, jina lako lisafike lote, ndipo nilitie motoni uone kwa macho yako. Na fomu naijaza Kibaha.

Mkeo anayeona aibu,
Laurentia


Kisarawe
31 Mei 1976

Ponsiano,

Natumaini ulifika salama. Ijumaa ulikula ukashiba, tulicheka, na nilipokuambia daftari limekwisha kuungua ulinibusu kwenye paji la uso. Nilikudanganya. Nilikuwa sijalimaliza, na mimi siachi kazi katikati.

Nimelimaliza jana baada ya misa.

Matairi mliyafunga tarehe saba Februari. Majuma yale matatu ya mia na sitini na mbili nimeyarekebisha, yamekuwa mia na themanini, umesafika. Ila kabla ya hayo kuna majuma tisa, kuanzia katikati ya Februari mpaka karibu na Pasaka. Gari lilikuwa tayari na matairi makubwa, na geji ilisoma mia na themanini. Nilikuwekea vema. Kwa hesabu yako wewe, siyo yangu, geji ikisema mia na themanini umekwenda maili mia mbili.

Maili ishirini za ziada. Kila juma, majuma tisa, hazipungui wala hazizidi. Kumi kwenda, kumi kurudi.

Nimeshusha ramani ya ukutani, nikapima uzi wa maili kumi, nikauzungusha kutoka Kibaha. Upande huu ni msitu. Upande ule kuna vijiji ambavyo vimo kwenye ratiba yako. Kinachobaki kwenye duara ni Soga.

Ulikasirika kwa haki, najua, kuhusu majuma matatu ambayo hukukosea, na kwa hasira hiyo ukanifundisha kuyasoma yale tisa. Uliapa majuma matatu. Mimi nikasikia uliapa yote.

Bertha wa watu nimemchukia bure miezi mitatu. Nilimchukia mtu siye. Unajua inavyouma, kuwa na wivu mkali kiasi kile halafu ugundue ulikuwa umeuelekeza pasipo?

Yuko nani Soga? Mwenye uzi wa kijani ni nani? Nijibu kwa mwandiko wako. Mpaka uandike, Ijumaa usije, mtume Melkiori.

Laurentia


Kibaha
21 Juni 1976

Mke wangu Laurentia,

Nakusalimu, ingawa najua salamu zangu kwako sasa hazina ladha. Ijumaa tatu nimemtuma Melkiori, na kila akirudi namuuliza umevaaje, umekonda? Anasema, "Mwalimu ananiuliza habari za mke wangu tu, basi."

Barua hii nimeianza mara nne. Naiandika yote kama ilivyo.

Soga nina mtoto. Ni wa kiume, anaitwa Saburi, ana miaka saba. Mama yake anaitwa Mwanajuma, ana shamba la mpunga kule. Nilikuwa kijana, napakia kokoto Soga kabla sijapata leseni. Wazazi wake walitaka nibadili dini, wangu wakakataa hata kusikia, tukaachana kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka uliofuata nilikuoa wewe. Nilitaka kukuambia. Mwaka wa kwanza niliona ni mapema. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwenda kwa waganga na kwa mapadri, unarudi unalia. Nikuambie vipi kwamba mimi tayari ninaye? Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa tabia.

Nilikuwa nakwenda kwa baiskeli mara moja kila miezi miwili, nimebeba sukari. Siku Melkiori aliponichorea yale magurudumu mchangani, nilisimama pale mikono ina grisi nikapiga hesabu. Kwa kuwa geji inasoma pungufu, kila juma naweza kwenda maili ishirini zaidi ya ratiba, na kitabu cha gari anachokagua bwana mkubwa bado kisome mia na themanini. Soga kwenda na kurudi! Niliona kama Mungu amenikatia kipande cha barabara akanipa mimi peke yangu. Kila Alhamisi jioni nikaenda. Masika daraja la magogo la kwenda Soga likachukuliwa na maji, nikashindwa kufika, ndiyo yale majuma matatu yako.

Mwanajuma hakuna kitu kati yangu na yeye, niamini au uniache. Hakuwahi kuolewa, hilo nalo nakuambia lisije likatoka kwingine. Kifungo alikishona yeye, kilikuwa kinaning'inia. Nilikaa kwenye mkeka na fulana, akashona, akanirudishia shati. Huo ndio ukweli wa uzi wa kijani. Fundi cherehani nilimtunga.

Soga hawanijui kwa jina la Ponsiano. Wananiita Baba Saburi. Kila wakiniita hivyo nafurahi, halafu nakukumbuka wewe na lile jina lako la Mwalimu, sina raha tena mpaka nifike nyumbani.

Sijui niombe nini. Fomu ni yako, tarehe thelathini ni juma lijalo. Ukiuacha mstari mtupu sitakulaumu.

Mumeo, kama bado,
Ponsiano


Kisarawe
29 Juni 1976

Ponsiano,

Hali yangu usiniulize.

Barua yako niliisoma jikoni, chakula kikaungua, nikakila hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilimwonea wivu Mwanajuma. Siku ya pili nikauonea wivu mkeka aliokukalisha. Siku ya tatu nilishikwa na wivu juu ya mtoto, Mungu anisamehe, mtoto wa miaka saba ambaye hajanifanya lolote, kwa sababu ameweza kukupa jina ambalo mimi sikuweza. Baba Saburi. Nimelitamka peke yangu humu ndani, nione linavyokaa mdomoni. Linauma na ni zuri.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningelala usingizi.

Lakini usidhani nimepoa. Umenidanganya kwa fundi cherehani, na kabla yake umenyamaza miaka sita. Mimi nilidhani nasoma gari, kumbe gari nalo lilikuwa limefundishwa kunificha. Sitakaa tena mbali nikihesabu. Hesabu ya mbali nimeiona ilivyonifanya.

Leo asubuhi nimejaza fomu, nimeipeleka wilayani kwa mguu, karani akaipiga muhuri mbele yangu. Ule mstari sikuandika Kibaha. Nilimuuliza karani shule zenye upungufu, akanisomea orodha, alipofika kwenye moja nikamwambia aishie hapo. Akashangaa, akasema, "Mwalimu, huko wenzako wanapakimbia!" Nikamwambia mimi nina jamaa huko.

Nimeomba Soga.

Nitaanza Januari. Kitanda chako cha futi tano kitafute namna ya kufika, matairi unayo. Zile maili kumi za Alhamisi endelea nazo, ila sasa utakuwa unakuja kwangu, na uziandike kitabuni kwa kalamu, bwana mkubwa wako azione. Mwanajuma mwambie nakuja na uzi mweupe gurudumu zima, vifungo vya mume wangu nitashona mwenyewe. Nataka kumwona kwa macho, na yeye anione. Baada ya hapo labda tutasalimiana.

Na umwambie Saburi jambo moja. Mtoto wa miaka saba mwakani anaingia darasa la kwanza, na shule ile darasa la kwanza halina mwalimu. Anaye sasa. Mwambie anaitwa Mwalimu Laurentia, ni mkali, na kalamu ya kwanza atapewa naye.

Nitamfundisha kuhesabu.

Mkeo,
Laurentia